Kimea Nilichokaanga Siku za Posa

Kuna siku moja, mwanangu, hata ukiniamsha usingizini nitakusimulia yote. Naona umejaza ndoo na mipira ya kupitishia pombe jikoni kwako mtaani Elgon View, unasema unaanza kujitengenezea bia. Haya. Lakini kabla hujawasha moto, kaa hapa, na hiyo simu weka chini.

Nilikuwa msichana kijijini kwetu Ziwa, na baba yako alikuwa analeta wazee wake kuniposa. Nilimpenda, sikufichi. Shida ilikuwa babangu. Akiwa hajanywa, hakuna kijana aliyemtosha. Akionja kidogo, anacheka na kukubali kila kitu. Kwa hivyo ndoa yangu yote ilikuwa ndani ya chungu cha busaa, pombe yetu ya unga na wimbi.

Shangazi, dadake babangu, ndiye alikuwa fundi wa busaa. Akaniambia, "Ningoje nirudi kutoka sokoni tupike pamoja." Mimi ningoje? Si nilikuwa nimemtazama akipika tangu utotoni! Nikachukua unga wa mahindi uliochachuka, nikaukaanga juu ya bati mpaka ukawa kahawia. Lo, ulivyonukia! Nikajiambia, kama unga umenoga hivi, kimea je? Nikamwaga wimbi wetu uliomea na kukaushwa juani, nikaukaanga pia. Nikachanganya na maji chunguni, nikafunika ichachuke siku kadhaa. Shangazi aliporudi nikamwambia aende akapumzike, kazi imekwisha. Na sikuonja hata siku moja, niliogopa kuitwa msichana mlevi.

Wageni wakafika. Wazee wakazunguka chungu, kila mmoja na mrija wake mrefu. Wakavuta. Wakatazamana. Wakavuta tena mpaka mashavu yakaingia ndani. Mzee mmoja wa kina baba yako akamuuliza mamangu kwa heshima, "Mama, kuna mgonjwa hapa? Naona tumepewa uji wake."

Shangazi akaonja, akanigeukia. "Ulikaanga kimea?"

"Kidogo tu, Shangazi."

"Kidogo! Kimea ndicho kinachochachusha pombe, na wewe umekichoma. Hii haitalewesha hata kuku!"

Babangu naye, macho makavu kwa kukosa kulewa, akaanza. Mbona huyu kijana miguu myembamba? Mbona hacheki? Mbona anacheka? Mimi nyuma ya mlango nalia, najua nimeharibu maisha yangu kwa mikono yangu.

Babangu akavuta tena, akausukuma mrija kando, akawageukia wageni. "Kwenu busaa hupikwa na nani?"

"Na mamake kijana," wakajibu.

"Ni nzuri?"

"Sana, Mzee."

"Basi mchukueni huyu akafundishwe. Na mfanye haraka, kabla hajatupikia ingine."

Wazee wakacheka mpaka wakashika mbavu, na nikaolewa.

Kwa hivyo nisikie, mwanangu. Kama anayejua kazi yuko njiani, mngoje. Kutazama si kujua. Kimea ukiambiwa ukikaushe, kikaushe tu, usijifanye umevumbua kitu. Na uonje mwenyewe kabla mgeni hajaonja, maana si kila aibu huishia kwa harusi.

Mungu akubariki mikono, pombe yako ichachuke vizuri, na wageni wako warudi kwao wakicheka, kila mtu kwa miguu yake.