Amplifaya Niliyoipeleka Harusini Bangwe

Jamani, aibu hii ningekuwa na uwezo ningeifukia mwenyewe na kupanda mihogo juu yake, lakini nusu ya Bangwe walikuwepo na nusu nyingine wamehadithiwa, kwa hiyo bora mnisikie mimi kuliko kumsikia Mama Zainabu, maana yeye kila akisimulia anaongeza chumvi, na safari iliyopita nimeambiwa eti nilizimia. Sikuzimia. Nilikaa tu chini.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, vita imewaka ng'ambo ya ziwa, maboti yanashusha watu kila kukicha, na mimi nashona nguo kibarazani kwa mjomba wangu Ujiji. Ndipo nikajuana na Papa Kalonda wa Kalemie (wenzetu wa ng'ambo mwanamume mtu mzima humwita Papa), aliyevuka na mkewe, binti yake Furaha, na gitaa. Watu wamevuka na masufuria, yeye kavuka na gitaa, na mkewe hakuacha kumkumbusha hata siku moja. Tena si gitaa la kukumbatia kama haya mliyozoea. Hili unalilaza mapajani, unatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, nalo linaimba kwa kuvuta, linapanda na kushuka kama mtu anayelia huku anacheka. Nilipolisikia mara ya kwanza niliacha suruali ya mteja haina mguu mmoja. Basi akanifundisha, nami nikawa mwanafunzi wa aina ile mbaya, anayejua kidogo na kujiona amefika.

Furaha akaposwa na kijana wa Ilagala, mchuuzi wa dagaa, kijana mzuri hana neno. Ila Papa alikosa usingizi. Kwao harusi ya binti ilijaza mtaa mzima, hapa alikuwa na chumba cha kupanga Bangwe, ndugu wametawanyika hajui nani yuko hai, na majirani anawasalimia tu, hajawahi kuwaomba hata chumvi. Wakwe watashuka kutoka Ilagala wakute ua mtupu! "Miye niko mugeni hapa," aliniambia, "nani atakuya? Mutoto yangu ataolewa kama ametupwa." Maneno yale yaliniuma kweli, nikamwambia, Papa, niachie mimi, watu nitawaleta kwa gitaa. (Kumbukeni nilivyosema.)

Tatizo ni kwamba gitaa lile bila amplifaya halimwamshi hata paka aliyelala miguuni pako, na pale uani umeme haukuwepo. Nikaenda kwa fundi redio mmoja sokoni Mwanga, nikakuta anazo mbili. Moja ni sanduku la mbao, spika imo ndani, sauti nene ya upole, lakini nzito, na inataka betri ya gari. Nyingine ndogo, unaining'iniza begani kwa mkanda, inakula betri za tochi, na ina honi ya bati yenye mdomo mpana kama zile za magari ya matangazo. Papa alishanionya: "Chukua ya mbao. Hii gitaa inapenda sauti munene." Lakini nikajiona nalibeba sanduku lile kutoka Mwanga mpaka Bangwe, jasho linanitiririka, shati la harusi limenilowa, halafu nikaitazama ile ndogo ilivyonikaa begani, nikachukua ndogo. Tena ilikuwa na kitufe chekundu, ukikibonyeza inapiga kengele, ting, tong, tong, ikishuka taratibu. Niliipenda kengele ile kuliko amplifaya yenyewe!

Laiti ningeuliza ilikuwa ya nani, ningeambiwa ni ya mzee mmoja aliyekuwa akizunguka Bangwe na baiskeli kutangaza misiba, na kwamba watu wa kule hawajapata kuisikia kengele ile kwa jambo lolote ila mtu amekufa. Mzee alihamia kwa mwanawe, vifaa vikauzwa. Mimi wa Ujiji ningejuaje?

Siku ya harusi, maharusi walipotoka kanisani wakapelekwa kupigwa picha pamoja na wakwe, Papa akatangulia nyumbani kupokea wageni. Akakuta mkewe jikoni, wali kidogo, na viti vya kuazima vimepangwa vizuri havina mtu. Akakaa na koti lake la kuazima anatazama mlango wa ua. Nikaona hapa ndipo pa kengele. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, nikaelekeza honi mtaani, kisha nikaanza wimbo mmoja wa taratibu wa kwao Papa, na ile honi nyembamba ikalifanya gitaa lilie hasa, linavuta pumzi, linakwama, linalia tena.

Hawa hapa! Wa kwanza Mama Zainabu, jirani wa ukuta kwa ukuta, kajitanda kanga mpaka usoni, akakaa chini na kuanza kulia. Wakafuata wanawake wengine, wanalia. Wanaume wakaingia kimya, wakakaa mikekani. Na mimi (nichekeni tu, nimezoea) nikajiambia, leo umefika, watu wanalizwa na chuma chako. Nikafumba macho kama wanavyofanya mabingwa, nikazidisha kuvuta nyuzi, na katikati ya wimbo nikabonyeza kengele tena ili na wa mbali wasikie.

Kumbe Mama Zainabu kaingia jikoni kumkumbatia mke wa Papa, anamwambia pole mwenzangu, na yule mama akadhani habari zimevuka ziwa, akaangusha mwiko na kupiga yowe. Papa akaruka kitini: "Ni nani? Ni ndugu yangu?" Hakuna anayejua, kila mtu analia, naye akalia.

Hapo ndipo wakwe walipoingia na vigelegele. Vilikatika mlangoni. Furaha alipomwona baba yake analia akatupa maua na kukimbilia shingoni kwake, na shangazi wa bwana harusi, ambaye hakujua lolote ila hakutaka kuachwa nyuma, akalia kuwapita wote.

Mzee Mashaka, mjumbe wa nyumba kumi wa pale Bangwe, akamwinamia Papa. "Pole sana. Kaburi tuchimbe wapi?"

"Ya nani?"

"La marehemu."

"Marehemu nani?"

"Si ndiyo tunakuuliza wewe mfiwa! Tangazo limetoka hapa hapa."

Nikaacha kuvuta nyuzi, nikafumbua macho. Ua mzima unanitazama. Mzee Mashaka akaja, akakikagua kile kitufe chekundu, akakibonyeza mwenyewe, ting, tong, tong, na bibi mmoja kule nyuma akaanza kulia upya.

Hapo ndipo nilipotoka kitini nikakaa chini.

"Wewe mtoto wa Ujiji!" Mama Zainabu akaniwakia. "Nimeacha ugali jikoni, nimekimbia peku, kumbe unajifunza muziki?" Shangazi wa Ilagala akafuta machozi akasema hii ni nuksi, msiba na harusi ua mmoja, bora warudi kwao. Hilo lilinimaliza. Niliahidi kumjazia Papa ua, sasa namvunjia harusi.

Papa akageuka. Alikuwa anatazama ua wake, watu mpaka nje, mizigo ya kuni waliyoitua wanawake ukutani, mabakuli ya unga, dagaa, ndoo za maji, na majembe ya wanaume waliokuja tayari kuchimba. Akashika kuni moja.

"Hizi kuni ni za nani?"

"Za msiba wako, Papa," akasema Mama Zainabu.

"Yangu miye? Mukimbizi?"

"Kwani mkimbizi hazikwi?"

Papa akacheka, machozi bado yanamtoka. "Kumbe siku nitakufa hapa, nitazikwa na watu. Miye nilizani nitazikwa na mama huyu peke yake."

"Tutakuzika vizuri sana," Mama Zainabu akasema, "lakini si leo. Leo tunakula." Akaivua kanga kichwani, akaifunga kiunoni, akapiga kigelegele ambacho hakikuhitaji amplifaya ya mtu. Shangazi wa Ilagala akatazama huku na huku, akaona hana wa kurudi naye, akaomba mwiko.

Basi kuni za matanga ndizo zilizopika harusi, na mimi nikapiga gitaa bila kuunganisha waya, waliokaa karibu wakasikia, wa mbali hawakusikia na hawakulalamika. Tangu siku hiyo nimeapa, na kiapo sijakivunja, sinunui kitu chenye sauti kabla ya kuuliza kilikuwa kikisema nini kwa watu. Ila mkinibana sana nitakiri kwamba sijutii kama inavyonipasa, maana jioni ile nilimwona Papa akizunguka na sinia, anamshika kila jirani mkono, anamuuliza jina lake, na kulirudia polepole asije akalisahau.