Arlis Ratliff Anatafuta Nukta Anayoweza Kuiona

Arlis Ratliff hana ncha ya kidole cha kati cha mkono wa kulia. Hana meno mawili ya juu. Hana macho ya karibu; vilengeo vya chuma vya bastola yake huviona kama moshi. Hana msaidizi garini. Hana mtandao wa simu katika nusu ya mabonde anakoitwa. Na kuna kitu kingine hana, ambacho kwa miezi mitano hajamwambia mtu, hata mkewe.

Ni Jumamosi, saa tatu asubuhi, katika duka la bunduki la Twila Bledsoe, mashariki mwa Kentucky. Arlis amesimama mbele ya kaunta, kofia mkononi. Bastola anayoificha chini ya koti amekwisha kuitoa. Twila ameipokea, ameitoa risasi, ameichungulia tumboni mara mbili na kuiweka kando. Badala yake anampa bastola ya plastiki ya bluu, isiyo na uwezo wa kupiga hata nzi, iliyofungwa chini ya mdomo wake taa ya leza, ile inayotupa nukta mahali bastola inapolenga.

"Mlenge kulungu," anamwambia.

Kulungu ni kichwa kilichokaushwa, kimetundikwa ukuta wa mwisho. Kila aliyenunua taa ya kulengea katika duka hili amemlenga yeye kwanza. Wengine humpa pole.

Arlis ana miaka sitini na mitatu, na karibu thelathini kati ya hiyo ameitumia kuvuta magari mabovu. Gari la kuvutia ni lake mwenyewe. Jina lake limo kwenye zamu ya ofisi ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti: gari likipinduka au kuzimika barabarani, ofisi humpigia aliye kwenye zamu. Anayekataa wito mara tatu hufutwa. Katika mwezi mzuri hupata dola elfu tatu kabla ya mafuta na bima, na karibu nusu yake hutokana na miito ya baada ya jua kutua.

Oktoba iliyopita aliitwa na watu wawili waliodai gari lao limekufa chini ya mlima. Gari lilikuwa zima. Walimpiga kwa spana ya magurudumu, wakamvunja mfupa wa bega, wakachukua simu na pochi. Alikaa nyumbani wiki sita akila kwa mkono wa kushoto. Alipopona, mkewe, Iva, alimwekea sharti moja: atembee na bastola anayoweza kulenga nayo, au gari liuzwe.

Bastola ilipatikana upesi. Kulenga ndiko kulikoleta shida. Basi siku ya Krismasi, mezani, mbele ya ukoo mzima, shemeji yake Hobart akamkabidhi kisanduku chenye utepe. Ndani mlikuwa na taa ya leza, nyekundu. Hobart akaifunga palepale, akaielekeza ukutani, watu wote wakasema, "Aa!" Arlis naye akasema, "Aa!"

"Ningesema nini?" anauliza leo. "Mtu amekupa zawadi mbele ya mama yake."

Ambacho hakusema siku ile ni kwamba hakuona chochote. Wanaume wa ukoo wa Ratliff huzaliwa na macho yasiyoijua rangi nyekundu. Bondeni kwao hawatumwi kuchuma nyanya, kwa kuwa huleta mbichi na mbivu pamoja. Nukta nyekundu ya leza, ambayo wengine huiona kama kaa la moto, kwa Arlis haina tofauti na ukuta inaoangukia.

Iva hakulijua hilo. Jioni Arlis alipokuwa akifanya mazoezi jikoni na bastola tupu, Iva alikuwa akimwambia nukta ilipo: sasa iko kwenye friji, sasa iko kwenye kalenda, tulia, imeshuka. Arlis akawa anaitikia. Kila mtu akaamini kwamba mambo yamekaa sawa.

Dukani, Twila anaanza na taa zinazowaka zenyewe mtu akikaza mshiko. Swichi yake hukaa mbele, mahali pa kidole cha kati. Anakitazama kidole cha Arlis, anazirudisha zote kabatini. Zinabaki zenye kitufe cha ubavuni. Anamwuliza bastola huiweka wapi akiwa garini, na mkanda wa kiti hupita wapi. Anauliza pia kuhusu ala, yaani mkoba wa bastola, kwa sababu ala hufinyangwa kwa umbo la silaha moja, na ukiongeza taa haiingii tena. Wanaume wengi, anasema, hununua taa leo na kurudi kesho wamenuna.

Kisha anafika kwenye rangi.

Arlis anamlenga kulungu. Twila anauliza kama nukta inaonekana. Inaonekana, Arlis anajibu. Iko wapi? Shingoni. Je, inang'aa vya kutosha? Arlis anakunja jicho moja kama mnunuzi wa ng'ombe, anasema inatosha kabisa.

Twila anaegemea kaunta. "Arlis, hiyo taa sijaiwasha."

Mzee mmoja anayeshinda kwenye kiti kilicho karibu na jiko la kuni anakohoa ndani ya kikombe chake. "Labda kulungu ana mwanga wake mwenyewe," anasema.

"Wewe kunywa kahawa yako ya bure," Twila anamjibu bila kugeuka. Halafu anapunguza sauti. "Toka lini huioni nyekundu?"

"Toka nizaliwe, dada Twila."

"Na Hobart anajua?"

"Hobart anajua nimeshukuru."

Twila hacheki. Anainama, anatoa bastola nyingine ya bluu, yenye taa ya kijani. Anaeleza kwa ufupi kwamba kijani hula betri haraka zaidi na bei yake imezidi, lakini hata mchana huonekana vizuri kuliko nyekundu. Arlis anabonyeza kitufe.

Kwa mara ya kwanza katika miezi mitano, anaiona nukta. Iko kwenye shavu la kulungu, na haitulii. Inacheza kutoka puani hadi jichoni na kurudi. Anautazama mkono wake, kisha nukta, kisha mkono.

"Mkono wangu hutetemeka hivi siku zote?"

"Wa kila mtu unatetemeka," Twila anasema. "Sema sasa nukta inakuonyesha."

Mnunuzi mwingine angelipa na kuondoka. Arlis anaiweka bastola ya bluu chini, anavuta kiti, na kumsimulia Twila jambo lililompata Machi.

Jua lilikuwa limezama, mwanga kidogo umebaki. Alikuwa amepiga magoti akifunga mnyororo kwenye gari lililotumbukia mtaroni. Mwenye gari alikwisha kuchukuliwa na jamaa zake. Nyuma akasikia changarawe. Akageuka, akaona mtu anakuja mbiombio, kitu cha chuma kikimetameta mkononi. Arlis akaitoa bastola, akaielekeza kwa mtu yule, akabonyeza kitufe cha taa ya Hobart. Akatafuta nukta. Hakuipata. Akatafuta tena.

Wakati anatafuta, mtu yule akazungumza. Alikuwa mwanamke wa nyumba ya juu ya barabara, anamletea kahawa kwenye chupa ya chuma. Arlis aliirudisha bastola chini ya koti. Hajui kama yule mama aliiona. Alimshukuru, akanywa, akamrudishia chupa.

"Sasa nataka uniambie," anamwuliza Twila. "Ningekuwa na hii ya kijani siku ile, ingekuwaje?"

Biashara ni ya Twila, na taa ile ni moja ya vitu ghali dukani. "Hii itakuonyesha risasi inakokwenda, basi," anasema. "Kumjua aliyesimama pale, hiyo ni kazi ya tochi na ya mdomo wako. Ungemuuliza ni nani."

Arlis hakuondoka na taa siku ile. Aliacha dola arobaini, kwa utaratibu wa duka wa kumwekea mtu kitu chake huku akikilipia kidogo kidogo. Itakuwa yake ikifika vuli. Tochi alilipia yote na kuondoka nayo.

Jumapili, baada ya ibada, alimweleza Iva yote: rangi, zawadi, mwanamke wa kahawa. Iva alikuwa akikoroga mchuzi wa soseji jikoni. Kuhusu rangi alisema tu kwamba angepaswa kulijua, maana mama mkwe alimwonya juu ya nyanya. Kuhusu Hobart alisema atamwambia yeye mwenyewe, wala Hobart hatalia. Kisha akazima moto.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Nani?"

"Huyo mama."

"Sijui."

"Hata koti hukuliona?"

"Nilikuwa natafuta nukta, Iva. Kifuani mwake."

Iva hakurudia habari ya kuuza gari, wala ya bastola. Alifuta meza, akaleta karatasi na kalamu, akakaa upande wa pili.

Barua waliiandika pamoja, Iva akiwa mwandishi kwa sababu ya macho ya mumewe. Imeelekezwa kwa sherifu. Inasema kwamba Arlis Ratliff anaomba kubaki kwenye zamu, ila jua likitua ataitika wito pale tu ambapo askari atangoja naye mpaka gari lifungwe mnyororo na kuinuliwa. Inasema madereva wengine wawili wa kaunti wameulizwa kwa simu, na wako tayari kutia sahihi zao. Bastola haikutajwa. Arlis alitaka itajwe, Iva akasema ofisi ile inawajua watu wenye bastola vya kutosha.

Wakikataa, nusu ya kipato itakwenda. Arlis amekwisha kulipigia hesabu hilo. Anatumaini kufanya kazi miaka mitatu mingine, hadi pensheni, kisha auze gari kwa bei nzuri na alale saa anayotaka.

"Na wakikufuta?" Iva anauliza. Ni Jumatatu asubuhi, bahasha iko mezani.

"Basi utanipikia chakula cha jioni kikiwa bado cha moto," anasema. "Utachoka kuniona."

"Nimeanza," Iva anasema.

Arlis anatia sahihi kwa mkono wake, polepole, herufi zikipanda mlima. Iva anaikunja karatasi mara tatu, analamba gundi ya bahasha na kuibana kwa kiganja. Arlis anavaa kofia, anashuka na bahasha njia ya changarawe hadi kwenye sanduku la posta kando ya barabara. Anaiingiza, anafunga kifuniko, anainua kibendera ili gari la posta lisimame. Anangoja pale, mikono mfukoni, mpaka linakuja na kuichukua.