Maji Kwenye Dirisha la Yohana

Asubuhi moja ya Jumamosi naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka hunijia kwanza harufu ya godoro lililolowa. Nilikuwa Dubai, mwaka wangu wa nne huko, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye mdomo mwepesi kuliko mikono. Minara ya Marina ndiyo kwanza ilikuwa inapanda, na sisi tulikuwa Al Quoz, mtaa wa viwanda, kwenye karakana ya kuunda karavani. Kama hujaiona, karavani ni chumba chenye magurudumu, kitanda na jiko na choo vyote humo humo, kinachovutwa na gari. Wenyeji wa kule majira ya baridi huenda jangwani na familia zao, wakakaa siku nyingi wakipika na kupiga soga. Mimi nilikuwa najiuliza kila siku mtu mwenye nyumba ya vyumba vinane anatafuta nini kwenye kijumba kile mchangani. Jibu sijalipata hadi leo.

Mafundi wa Kiswahili tulikuwa wanne, na mwenye Kiarabu nilikuwa mimi peke yangu. Kwetu Tanga nilikaa chuoni, kwenye madrasa, miaka mingi, halafu Kiarabu cha mtaani nikakiokota Deira tulikopanga. Basi arbab wetu, yaani tajiri mwenye karakana, akitaka kusema na fundi alisema kupitia kwangu, na fundi alijibu kupitia kwangu. Raha iliyoje. Nilivaa ovaroli ileile kama wenzangu, lakini nilitembea kama msimamizi.

Jumamosi hiyo mteja alirudisha karavani tuliyomkabidhi wiki tatu nyuma. Mpya kabisa, hata nailoni za viti hazijabanduliwa. Mvua ilikuwa imenyesha jangwani siku mbili, na mama yake mzee, aliyelala chini ya dirisha la nyuma, aliamka mgongo wote umelowa. Arbab aliingia ndani, akabonyeza godoro, maji yakamtoka vidoleni. Aliona aibu mbele ya mteja yule, na aibu ikageuka hasira pale pale. Akaniuliza maji yametoka wapi.

Nilijibu hapo hapo. Nikasema dirisha lile aliliweka Yohana.

Yohana alikuwa mtu wa Mwanza, mwaka wake wa kwanza, mpole, baba wa mapacha ambao hajawaona wakitambaa. Chumbani Deira kitanda chake kilikuwa juu ya changu. Kiarabu chake kilikuwa yalla, yaani twende, na khalas, yaani imekwisha, na khalas ndiyo aliyoisikia asubuhi ile. Arbab alisema kesho viza yake ifutwe arudi kwao. Nikamfasiria. Yohana akaniambia polepole, "Mwambie dirisha nimelizungushia mpira na silikoni mara mbili. Mwambie apande juu, aangalie paa."

Nami nikamgeukia arbab nikasema, "Anasema kazi yake aliifanya vizuri."

Basi. Paa nililiacha. Wallahi sikujua tatizo liko juu, mwanangu, hilo naomba uniamini. Ila juu ya paa kulikuwa na tundu la feni ya kutolea hewa, na tundu lile nililifunga mimi. Sikutaka mtu apande. Mtu akiwa na wasiwasi na kazi yake huwa hataki kuulizwa, na mimi nilijifanya sina wasiwasi wowote.

Pale karakana palikuwa na Mzee Shee, mtu wa Mombasa, mkubwa wetu kwa umri na kwa kazi, aliyewahi kuezeka mapaa ya bati kwao kabla ya kuja Ghuba. Alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe chake cha chai. Kiarabu hakukijua, lakini macho alikuwa nayo. Alinivuta pembeni akaniuliza maji yametoka wapi. Nikamjibu kama nilivyomjibu arbab, dirisha la Yohana lile.

Akaweka kikombe chini. "Nimekuuliza maji yametoka wapi. Wewe wanitajia mtu."

 Akanituma nikamwombe arbab atupe mpaka alasiri tulitafute tundu, na nilipokuwa nasema alisimama karibu yangu kana kwamba anaelewa kila neno. Safari hiyo nilifasiri yote.

Sasa ngoja nikwambie alivyofanya, maana mimi mwenyewe nilisahau hofu yangu kwa muda, nikabaki nashangaa. Nilidhani atamwaga maji kwa mpira kila upande. Alisema hapana, ukimwaga maji kila mahali utalowesha kila mahali na hutajua kitu. Maji huonekana yanapotokea, na pale yanapoingilia panaweza kuwa mbali. Akaagiza feni kubwa ya chumba cha rangi. Tukafunga madirisha yote, tukaziba mlango kwa nailoni na utepe wa karatasi wenye gundi, feni ikasukuma upepo ndani mpaka kuta zikawa zinavuma. Halafu akakoroga sabuni kwenye ndoo. Upepo ukisukumwa ndani, akasema, utatoka pale pale maji yalipoingia, na kwenye sabuni utapiga povu tutauona.

Tulianza na dirisha la Yohana. Yeye mwenyewe ndiye aliyepaka sabuni kwa brashi, pande zote nne, taratibu. Karakana nzima ilikuja kutazama, hata arbab aliinama na kushika kanzu yake isiguse sabuni. Tulingoja. Hakuna povu hata moja. Tukapaka kona zote za chini, taa, mlango wa gesi. Hakuna. Mzee Shee akanipa ndoo, akanionyesha ngazi, akasema panda.

Nilipanda. Nikapaka kona za paa, hakuna. Nikapaka tundu la feni ya hewa upande wa mbele, hakuna. Nikapaka kona ya nyuma, na povu likafura mbele ya macho yangu, kubwa kama ngumi, likapasuka, likafura tena.

Hapo nikaikumbuka Alhamisi moja kabla hatujaikabidhi karavani ile. Silikoni iliniishia kwenye kona ya mwisho, stoo ilishafungwa, kesho yake mapumziko, na basi la Deira lilikuwa barabarani. Nikasema nitamalizia Jumamosi. Jumamosi nikapewa kazi nyingine, na kona ikanitoka kichwani kabisa.

Juu ya paa nilikuwa peke yangu. Kiganja kimoja kingetosha kufuta povu lile, nishuke niseme hakuna kitu, na kesho Yohana apande ndege. Nisikufiche, mwanangu, kiganja nilikiinua. Mzee Shee akauliza kutoka chini, "Waona nini huko?"

Nikatazama chini. Yohana alikuwa bado ameshika brashi yake ya sabuni, ananitazama, hana hata shaka usoni. Alikuwa ana hamu ya kujua tu. Nikasema, "Lipo hapa. Kwenye kazi yangu."

Tulibandua dari, na ndani ya mbao tukaiona njia yenyewe, mstari mweusi wa unyevu kutoka kona yangu, ukifuata boriti hadi nyuma, ukashuka ukutani na kutokea juu ya dirisha. Karibu mita mbili zile. Kila mmoja aliuwekea kidole mstari ule.

Nikamweleza arbab, kona kwanza, kisha yale maneno ya Yohana niliyoyakata. Hakunifukuza. Aliniambia karavani ile niitengeneze kwa mikono yangu mpaka iwe mpya. Tangu siku hiyo akisema na Yohana alimtazama Yohana, wakaelewana kwa vidole.

Yohana aliniuliza jambo moja tu, tukiwa tunanawa mikono. "Ulimwambia habari ya paa?"

"Sikumwambia."

Akaitikia kwa kichwa. Tuliishi chumba kimoja miaka miwili mingine. Alinisalimia kila asubuhi, na chakula alinibakishia. Akajifunza Kiarabu, akakijua vizuri kabisa, akiuliza madereva, wauza duka, yeyote aliyempita njiani. Mimi nililala chini ya kitanda chake, na hakuniuliza maana ya hata neno moja. Hilo liliniuma, na linaniuma bado.

Basi mwanangu, likiharibika jambo, nyumbani au kazini, usikimbilie jina la mtu. Uliza limeanzia wapi, ulifuate hadi mwanzo wake, na uanze na sehemu uliyoishika wewe. Na ukipewa maneno ya mwenzio uyafikishe, yafikishe yote, hata yale yanayokugusa wewe, kwa sababu yeye hana mdomo mwingine hapo. Ukikosea, sema mapema, wakati ungali unaweza kumwokoa mtu.

Mungu akupe macho ya kutafuta na moyo usioogopa utakachokikuta. Akupe wenzako watakaokuamini, na akujaalie usiwapoteze kama nilivyompoteza mimi wangu.