Futari ya Kichina Niliyokataa Ionjwe

Kilo tatu za nyama isiyo mfupa, chupa nzima ya sosi nyeusi, sahani saba za majirani (nilizihesabu zikitoka, nikazihesabu tena zikirudi) na chungu nilichokingoja miaka tisa: hiyo ndiyo gharama ya ujuaji wangu, na nshachoka kuona haya peke yangu, kwa hivyo sikilizeni.

Nyumbani kwetu Sib, huku Uarabuni, ikifika Ramadhani, mama mkwe ndiye anayegawa kazi, na kazi yangu tangu niolewe ilikuwa kachumbari. Miaka tisa nakata vitunguu. Chungu cha futari alikishika wifi yangu Zuwena, ambaye (Mungu anisamehe) anapika vizuri na anajua kuwa anapika vizuri. Mwaka mmoja, mwishoni mwa miaka ya tisini, nikaomba siku moja tu, nipike wali wa nyama wa Kichina alionifunza Marisa, Mfilipino wa kazini kwetu: nyama unaikata nyembamba, unairoweka kwa tangawizi, kitunguu thomu na sosi nyeusi, unaitandaza juu ya wali, unalifunika sinia na kulitia ndani ya oveni.

"Haya," akasema mama mkwe. "Ukiweza, chungu chako mpaka Idi."

Sosi nikaifuata mjini Ruwi, nikabishana na mwenye duka mpaka akanipa chupa kubwa kwa bei ya ndogo. Marisa alinambia vijiko sita, na chumvi nisitie, sosi yenyewe ina chumvi ya kutosha. Lakini nyama yangu haikuwa nyeusi kama yake (yake ilikuwa nusu kilo), basi nikamimina mpaka chupa ikaisha. Na wali usio chumvi, katika nyumba ya Wazanzibari? Nikatia. Halafu, kwa tabia yangu ya kuhakikisha kila kitu mara mbili, nikajiuliza nimetia au sijatia, nikatia tena.

Sasa, mpishi kafunga, haonji. Kwetu huitwa mwanamke ambaye siku hiyo ana ruhusa yake ya mwezi ya kutofunga, akaonja pembeni, na hapana anayeuliza kwa nini. Siku ile alikuwa Zuwena. Alisimama mlangoni akasema polepole, "Wifi, nikuonjee?"

"Ahsante, pua yangu inatosha," nikamjibu, maana angeonja yeye wangesema mkono ni wake.

Kabla ya adhana sahani saba zikenda kwa majirani, kama ada. Ikaadhiniwa, tende, maji, kisha sinia. Baba mkwe akatafuna, akatafuna, akalivuta jagi la maji akaliweka mbele yake peke yake.

"Mwanangu," akauliza mama mkwe, "huyu ng'ombe au papa mkavu?"

Simu ikaanza kulia. Jirani wa kwanza alitaka kujua kama tumekosea sahani. Wa pili alikuwa anakohoa tu. Nikavaa buibui nikapita mlango kwa mlango kuomba radhi, na kila nyumba wananambia hapana tabu, huku bilauri za maji ziko mikononi.

Niliporudi, wote bado wamekaa, wanaume na wanawake. Mama mkwe akanitazama. "Kwani leo hapana aliyekuwa na ruhusa humu ndani?"

Zuwena akainamisha kichwa mbele ya baba yake na kaka zake, na hapo kila mtu akajua. Upishi ulikuwa wangu, na aibu nikamtwisha yeye.

Usiku ule tukaosha sahani pamoja. Akasuuza tatu nzima ndipo akasema, "Ungeniita tu, wifi. Ningeonja, na nisingemwambia mtu." Lau angenifokea ingekuwa nafuu.

Kesho yake chungu kikarudi kwake, vitunguu vikarudi kwangu, na hilo nalivumilia. Nimeapa sitatia tena chumvi kwa kiburi. Lakini Zuwena bado sijamwomba radhi, kwa sababu kila nikifungua mdomo naona lile jambo lenyewe, nikilitaja tu, namuaibisha upya. Mwenye kujua vipi mtu huomba radhi bila ya kulitaja kosa, tafadhali anifunze.