Karatasi Niliyoisoma Mwisho Tu

Siku moja ya Ramadhani naikumbuka kuliko zote, mwanangu. Nilikuwa kijana wa Namakwekwe, hapa Mbale. Shahada sikuwa nayo, ila nilijifunza mwenyewe kusoma tafiti za kitabibu. Kabla ya mfungo nilimpelekea shangazi yangu Zainabu, kule Jinja, nakala ya utafiti mmoja niliyoichapa kutoka mtandaoni. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, akijidunga insulini, na daktari alishamkataza kufunga. Kula mchana wenzake wakiwa wamefunga kulimuumiza sana.

"Haya, msomi wetu, karatasi inasemaje?"

Nikamsomea sentensi ya mwisho: wagonjwa wa sukari waliofunga hawakupata madhara. Alipiga kigelegele hadi jirani akachungulia.

Nikabaki kwake tufunge pamoja. Siku ya tatu, alasiri, alianguka jikoni akimenya matoke ya futari. Jasho lilimlowesha, macho wazi, lakini hanijui. Mimi, mtoto aliyemlea mwenyewe!

Nikamkimbiza zahanati, wakamtundikia dripu ya sukari, maana sukari mwilini ilikuwa imeshuka mno. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, aliniuliza nani alimruhusu kufunga. Nikamwonyesha karatasi. Akafungua katikati, pale wanapoeleza walivyofanya kazi, akaweka kidole.

"Soma hapa, bwana."

Wagonjwa wanaotumia insulini hawakuingizwa katika utafiti.

"Na shangazi yako anatumia nini?"

Karatasi haikusema uongo hata neno moja. Mimi ndiye niliyempa shangazi jibu la watu wengine.

Baadaye akazinduka, akanitazama. "Msomi, karatasi yako ilisema nitaanguka saa ngapi?"

Muuguzi alicheka. Mimi nililia.

Basi, mwanangu, ukishika utafiti usianzie kwenye hitimisho. Anza na watu: nani walipimwa, wangapi, kwa muda gani, walilinganishwa na nani. Aliyeugharimia pia mtazame. Lakini zaidi ya yote tafuta walioachwa nje, kisha umwangalie mgonjwa aliye mbele yako. Kama ni mmoja wao, mwambie hivyo, hata akitamani kusikia mengine, na umrudishe kwa daktari wake.

Mungu akupe subira ya kurasa za katikati. Na kila atakayekuuliza karatasi inasemaje, jioni umkute ameketi na watu wake, anawajua wote kwa majina.