Mti wa Kinamasi

Niseme ukweli: nilimwonea wivu mwenzangu mpaka roho ikaniuma. Yeye mtu wa Morogoro, anasomea misitu hapa Guangzhou, na tumepanga nyumba moja mtaa wa Xiaobei. Mimi kazi yangu ni kuwapeleka wafanyabiashara wa kwetu madukani na kuwatafsiria. Siku hiyo nilikuwa na mama mmoja wa Moshi, mteja wangu wa miaka sita, anatafuta vitanda vya nyumba yake ya wageni. Mwenzangu akaomba kufuatana nasi. Nikamkubalia, kiherehere changu.

Vitanda vyenyewe ni vya mti ambao Wachina wanauita shuiquliu. Miaka yote nawachagulia wateja vitu vya mti huo, na ninachojua ni jina na bei. Tulipofika dukani, mwenzangu akainamia ncha ya ubao wa kitanda kimoja, akaanza: eti aliufuata mti huo kaskazini, mbali kabisa, kwenye bonde la kinamasi, akazama matopeni hadi magotini. Eti kwa ile baridi unakua polepole, ndiyo maana miduara ya miaka imebanana namna hii. Mama, ambaye mimi hanisikilizi dakika mbili, akavaa miwani, akaifuata miduara kwa kidole, akamwita "mwanangu". Mimi hajaniita hivyo hata siku moja. Hata laoban, mwenye duka, aliweka simu chini akaja kutazama.

Nikaona mteja wangu anachukuliwa hivi hivi. Nikajichomeka katikati, nikasema kwa upole wa kinafiki kwamba mti wa kinamasi hauaminiki. Ukifika kwetu unavuta unyevu, unapinda, mwisho unaoza. Uongo mtupu, niliutunga palepale.

Mwenzangu akasema taratibu kwamba sivyo, ukikaushwa vizuri hauna shida. Mama akanikazia macho mimi.

"Kitanda changu mwenyewe, na kabati nililompa binti yangu alipoolewa, si ulinichagulia wewe? Si vya mti huu huu?"

Nikasema ndiyo.

"Kwa hiyo ulijua vitaoza."

Nikisema nilijua, mimi tapeli wa miaka sita. Nikisema sikujua, basi nimemdanganya sasa hivi, mbele ya macho yake. Nikabaki nimeshika ule ubao.

Mama akavua miwani, akamgeukia mwenzangu, akamwuliza kama kesho anaweza kumpeleka duka lingine.