Mistari Minne ya Bibi

Mume wangu alivunjika paja mvua za kwanza zilipoanza. Aliteleza na mzigo wa kuni kwenye mteremko nyuma ya nyumba yetu, hapa Makere. Nikawaacha watoto kwa jirani, nikakaa naye hospitali mjini Kasulu karibu miezi miwili. Kila mvua ilipopiga bati la wodi, niliwaza shamba letu ambalo halijaguswa.

Jumamosi moja nikapanda bodaboda kwenda nyumbani kuchukua nguo safi. Tulipokata kona ya mwisho tukaona watu wengi kwetu. Dereva akapunguza mwendo.

"Mama, kuna msiba?"

Nikawafikiria watoto. Kisha nikasikia majembe.

Walikuwa watu wa kanisani. Wanaume walitangulia wakilima, wanawake wakifuata nyuma wakipanda maharage. Mama mchungaji alikuwa na tope hadi magotini. Aliponiona akacheka.

"Umetuharibia. Tulitaka urudi ukute yameshaota."

Ndipo nikamwona bibi mmoja tunayesali naye. Ni mjane anayeishi peke yake karibu na kanisa, aliyevuka kutoka Burundi angali msichana. Miguu yake imevimba miaka mingi. Ibadani huletwa kwa baiskeli. Sasa alikuwa amekaa udongoni katikati ya mistari miwili, miguu ameinyoosha. Alitia mbegu kulia, akatia kushoto, akafukia kwa viganja, kisha akajisukuma kidogo kwa mikono na kuanza tena. Alipopita, udongo ulibaki umelainika kama palipoburutwa gunia.

"Mwakeye, mwanangu," akanisalimu kwa lugha ya kwao.

"Bibi, nani amekuleta huku?"

"Nimeomba kuletwa."

"Na hiyo miguu?"

"Miguu imekataa. Mikono haijakataa. Hebu nisogezee hilo bakuli la mbegu."

Nikamsogezea. Nimebatizwa katika kanisa lile, nimesikia mahubiri ya upendo tangu utotoni, na siku zote niliitikia amina nikidhani nimeelewa. Nilivua viatu, nikapiga magoti kwenye mstari wa kando yake. Nguo nilizozifuata nilizisahau kabisa.

Jioni nikarudi hospitali, nikamsimulia mume wangu. Alisikiliza amefumba macho.

"Amepanda mistari mingapi?"

"Minne."

Akageukia ukutani. Mabega yakaanza kutikisika. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona akilia.

Alirudi nyumbani kwa magongo, maharage yakiwa yametoa maua. Hakutaka kuingia ndani kwanza. Aliniambia nimwonyeshe ile mistari, nikamwonyesha. Ilikuwa imepinda kidogo kuliko mingine, lakini ilikuwa imeota vizuri. Akavua kofia, akasimama pale. Jirani alipita akamsalimu, hakusikia. Manyunyu yakaanza, nikamwambia twende ndani asije akateleza tena.

"Subiri kidogo," akasema.